Hesabu ya Mtaa wa Hodder

Manchester, 20 Agosti 1972

Dada Enid,

Nakusalimu wewe, shemeji Clem, wasichana wako wawili na Mama. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Moira alishikwa na mafua wiki nzima na sasa ameinuka, ila sauti yake bado ni ya bata, na ukimcheka anakununia.

Habari kubwa ni ya kazi. Lile wazo walilokuwa wakinicheka nalo hapa ofisi kuu ya kampuni, wamelikubali. Wenye viwanda wana mazoea ya kusema mtambo huu ni salama, ule si salama, wakaishia hapo. Mimi nauliza: salama kiasi gani? Hitilafu hutokea mara ngapi, na ikitokea itaua wangapi? Ukiyapigia hesabu hayo mawili unapata namba, na namba haimwogopi mkurugenzi. Wamenipa chumba, msaidizi mmoja na mwaka mmoja. Kiwanda cha kwanza kupimwa ni hicho chenu cha Skelby.

Sasa jambo jingine. Chumba chetu cha nyuma kiko wazi. Moira nami tungependa Mama aje akae kwetu. Sisemi kutembea, nasema kukaa. Na kama wewe na Clem mtaona vyema, wasichana nao waje wasome huku. Shule iko ng'ambo ya barabara. Lifikirieni upesi kidogo.

Ndugu yako,
Randal

*

Skelby, 11 Septemba 1972

Mdogo wangu Randal,

Mama amehesabu. Ulimtaja wa mwisho, baada ya wasichana, na amesema mtu anayemtaja mamaye wa mwisho hana haki ya kumhamisha. Goti lake linamsumbua mvua ikikaribia, yaani kila siku. Wasichana wazima. Mimi bado namimina chai kantini ya kiwanda, na vidole vinanuka chai hata Jumapili kanisani.

Clem ndiye wa kuhurumiwa. Liki zake za mashindano, vile vitunguu virefu vya majani, zile nene kama mkono wa mtoto alizokuwa akizifunika kwa magunia usiku, zimebabuka. Majani yameparara yakawa meupe kama karatasi, wiki mbili tu kabla ya maonyesho. Amekaa bustanini kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia, "Clem, ni mboga." Akanitazama hata nikaona heri ningemtukana.

Sasa wewe. Nimekulea tangu Mama alipokuwa akishinda kwenye kiwanda cha nguo, nikakufuta kamasi, nakujua. Hujawahi kuwataka watoto wangu kwako hata kwa Krismasi, maana wanagusa vitabu vyako. Leo unawataka wote, na Mama juu, na upesi. Unaficha nini?

Enid

*

Manchester, 15 Septemba 1972

Dada Enid,

Pole kwa goti la Mama, na mwambie safari hii nimemtaja wa kwanza. Moira anawasalimu.

Nisaidie haya. Liki zilibabuka siku gani? Upepo ulikuwa unatoka kiwandani au baharini? Bustani za majirani nazo ziliguswa? Clem alikuwa zamu siku hiyo? Kuna yeyote aliyekohoa?

Nijibu kwa barua, usipige simu ya kazini.

Randal

*

Skelby, 2 Oktoba 1972

Mdogo wangu,

Hata salamu umezikata nusu. Mama amefurahi lakini, kwa hiyo umesamehewa.

Nilimuuliza Clem, akaguna. Nikamuuliza tena baada ya chakula, akasema. Ilikuwa Jumanne, upepo ukitoka kiwandani kuja kwetu. Pampu moja inayotoa klorini kwenye lile tangi kubwa ilitema gesi kabla hawajaifunga. Clem alivuta kidogo, akakohoa siku tatu, mimi nikidhani ni sigara. Bibi Tranter wa jirani mapazia yake yamefifia, naye anadhani ni sabuni mpya.

Hawakuripoti. Walikuwa karibu kumaliza mwaka bila ajali, na kampuni inatoa saa ya ukutani kwa kila mtu wa zamu isiyo na ajali. Na si saa tu. Mwenye kuripoti huitwa juu akaulizwa kwa nini alizembea. Ukiitwa mara mbili, kwaheri. Clem anasema si mara ya kwanza, na kwamba zamu zote hufanya hivyo.

Haya ni ya ndani ya nyumba, Randal. Nimekupa wewe kama ndugu. Asiyajue mtu.

Na swali langu bado hujalijibu.

Enid

*

Manchester, 28 Novemba 1972

Dada Enid,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Moira ameniambia nakula kama ninayelipiza kisasi kwa chakula.

Nimekabidhi hesabu ya Skelby. Kuhusu yale uliyoniandikia, nataka ujue kwamba sikutaja jina la mtu, wala mtaa, wala siku. Niliandika tu kwamba gesi huvuja bila kuripotiwa, na kwamba hesabu inayojengwa juu ya taarifa za kampuni ni nyumba iliyojengwa juu ya povu.

Bwana Lomax, mkuu wangu, aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza, "Umeyapata wapi?" Nikamwambia siwezi kusema. Akasema, "Basi yaondoe." Nikakataa.

Nakuomba tena, mlete Mama. Njooni hata kwa miezi ya baridi tu.

Randal

*

Skelby, 9 Januari 1973

Randal,

Hapa hakuna salamu. Mama ni mzima, hilo tu utalipata.

Hukutaja jina! Nani mwingine katika zamu nzima ana shemeji ofisi kuu? Walihitaji hesabu gani kumjua? Bwana Fenwick, meneja, alimwita Clem Jumatatu. Clem amenisimulia mara moja tu, na sidhani atarudia.

Fenwick akamwuliza, "Coverdale, pampu ilivuja mwaka jana?"

Clem akasema, "Ndiyo, bwana."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mimi tu."

"Peke yako? Zamu nzima ilikwenda wapi?"

"Nimesema mimi tu, bwana."

Sasa anafagia uwanja. Miaka kumi na minane kwenye mitambo, na leo anasukuma ufagio mbele ya vijana aliowafundisha. Wenzake, wale wale aliowaficha, hawakai naye meza moja, maana saa zao zilichukuliwa na wanadhani ni yeye aliyesema. Nawamiminia chai na hawaniangalii. Bibi Tranter amevuka barabara asikutane nami.

Nilikwambia ya ndani ya nyumba. Ukayatoa, ukayapima, ukayafanya namba. Clem halitaji jina lako. Akiingia mtu anayetaka kukuulizia, yeye hutoka nje, hata kwa theluji.

Usiandike.

Enid

*

Manchester, 18 Februari 1973

Dada Enid,

Umesema nisiandike, na naandika. Ukiitupa motoni, sawa.

Sitajitetea kwamba sikujua. Nilijua wangeweza kumfikia Clem. Nilipima hilo nalo, na nikaandika hivyo hivyo. Nakueleza kwa nini.

Nilipokuwa kijana kwenye kiwanda changu cha kwanza kulikuwa na mhandisi aitwaye Hobday, mtu wa vichekesho, aliyenifundisha kusoma michoro. Siku moja yeye na wenzake waliambiwa wafungue mtambo fulani, nami ndiye niliyeleta karatasi iliyoandikwa "salama". Iliandikwa na wakaguzi watatu, wote watu wa heshima, wala hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alidhani neno hilo linamaanisha kitu. Mtambo ulipolipuka, Hobday alitambuliwa kwa viatu. Tangu siku hiyo neno hilo silitumii bila kuliuliza swali.

Clem amepoteza kazi yake. Najua. Kwenye mizani yangu upande wa pili mlikuwa ninyi, na Bibi Tranter, na mtaa mzima. Siwezi kukuandikia namba yenyewe. Nimetia sahihi kwamba sitaitoa nje ya kampuni.

Mpe Mama mkono wangu.

Randal

*

Manchester, 6 Mei 1973

Dada Enid,

Hujajibu na sikulaumu. Natumaini goti la Mama limepata nafuu kwa jua hili. Moira amepanda njegere.

Nakujulisha tu kwamba nimeondolewa kwenye kazi ile. Msaidizi wangu amepelekwa kwingine na hesabu imefungiwa kabatini kwa Bwana Lomax. Sasa nakagua ngazi na vizimia-moto vya ofisi. Wenzangu wamenipa jina la Mhasibu wa Maiti. Wananiuliza kwa mzaha wakinipita kwenye varanda, "Hesabu leo inasemaje, tutafika nyumbani?"

Kama Mama anaumwa, tafadhali niandikie hata mstari mmoja.

Randal

*

Skelby, 19 Agosti 1973

Randal,

Mama hajambo. Moyo ulimsumbua Juni, daktari akampa vidonge, sasa anavisahau kwa makusudi. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa sitaki.

Naandika kwa ajili ya Thornsea. Tulisikia kwenye redio, wote tumeshika vijiko. Kiwanda cha kampuni nyingine, mbali huko kusini, lakini tangi lililopasuka ni la aina ile ile, klorini ni ile ile. Leo gazeti limeweka picha za waliokufa, kurasa mbili, zimepangwa kama za darasa la shule. Kuna mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo. Kuna kaka na dada wenye meno ya mbele yaliyong'oka. Nimewatazama hao mpaka binti yangu mdogo akaninyang'anya gazeti.

Clem alisoma majina yote kwa sauti ya chini, kisha akaenda kusimama mlangoni akilitazama tangi letu. Ukisimama hapo unaliona lote, jeupe, kama mtu kavaa shuka. Nimeishi nalo miaka kumi na mitano nikiliona kama mnara wa kanisa.

Sasa niambie. Usiniambie umetia sahihi. Mimi si kampuni. Niambie namba ya mtaa wetu huu wa Hodder.

Enid

*

Manchester, 22 Agosti 1973

Dada Enid,

Nimeipata barua yako leo asubuhi na najibu leo hii.

Kwa taarifa za kampuni, uvujaji wa kuua mtaa wenu ungetokea mara moja katika miaka elfu kumi. Kwa yale uliyonieleza, na kwa desturi ya kuficha ambayo Clem alisema ni ya zamu zote, ni mara moja katika miaka mia na hamsini. Mtoto akizaliwa leo Mtaa wa Hodder na kuishi hapo mpaka uzeeni, nafasi yake ya kulikuta janga hilo ni zaidi ya moja kwa tatu. Huenda likaja kesho, huenda lisije maishani mwenu. Hesabu haijui siku. Kazi yake ni kusema tu kama mnacheza kamari, na dau ni nini.

Ndiyo maana niliwataka wasichana. Niliijua sehemu yake tangu mwanzo, kwa ukubwa wa tangi na umbali wa nyumba zenu, nikanyamaza, nikawaalika kama mtu anayewaita kwenye chai. Ningepaswa kukuambia.

Sasa sikia. Jana wakurugenzi waliniita. Bwana Lomax mwenyewe ndiye aliyefungua kabati. Wanataka niirudie kazi, kwa viwanda vyao vyote. Nikawaambia nina sharti moja: mfanyakazi akisema kitu kimevuja, kimekwama au kimemponyoka mkononi, asiadhibiwe. Asiitwe juu. Na waliokwisha kuadhibiwa warudishwe. Mmoja wao akaniuliza, "Unataka tuwalipe watu kwa kukosea?" Nikamwambia, "Nataka mlipie ukweli, na ukweli mnao huko chini, mnauogopesha." Nikawaambia bila hilo sishiki kalamu, watafute mwingine wa kuwaandikia namba tamu.

Wamesema watafikiri. Funga madirisha upepo ukitoka kiwandani. Na harufu ikija msikimbie mbele ya upepo, katizeni upande.

Randal

*

Skelby, 3 Desemba 1973

Mdogo wangu Randal,

Mama anakusalimu kwa maneno haya haya: "Mwambie nimeshaandaa pudini ya Krismasi, na Moira asijaribu ya kwake." Wasichana wamepata majaketi mapya na hawayavui hata ndani.

Nilitaka ulisikie hili kutoka kwangu, maana hukuwepo. Fenwick alitukusanya sote kantini. Akasoma barua ya wakurugenzi, ile ya sharti lako, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa. Akamaliza akauliza, "Kuna mwenye jambo la kusema?"

Wanaume mia mbili wakatazama vikombe. Mimi niko nyuma ya birika, nasikia maji yanachemka tu. Kila mmoja anawaza ni mtego.

Clem akasimama. Nilitaka dunia inimeze. Kavaa lile koti la kufagilia.

Akasema, "Clem Coverdale. Mnanijua, nafagia. Mwaka jana pampu ilitema gesi na nilinyamaza kwa ajili ya saa ya ukutani. Saa yenyewe ilikuwa haiendi."

Watu wakacheka, lakini cheko la woga.

Akaendelea, "Yule mtoto wa Thornsea mwenye pengo, nina wangu wawili wanaolala karibu na tangi kuliko yeye. Fenwick, andika. Pampu ya pili, kiungo cha chini. Kililegea, tukakikaza kwa mkono, tukaomba Mungu."

Fenwick akasema polepole, "Nani mwingine alikuwepo, Coverdale?" Lile swali lile lile!

Clem akamtazama. "Niliwahi kukujibu hilo. Jibu halijabadilika."

Basi hapo ndipo kiti kikaburuta sakafuni. Tranter, mume wa jirani yangu, ambaye hajamsalimu Clem tangu Januari. Akasema, "Mimi nilikuwepo." Kisha mwingine. Kisha wa zamu ya usiku akasema kwao vali ya kufungia gesi ilikwama wakati wa Pasaka. Wakawa wanasimama kama mashahidi kanisani, mpaka karani akaomba karatasi zaidi. Chai yote ilipoa na hakuna aliyelalamika, na hilo huku ni muujiza.

Clem amerudishwa kwenye mitambo. Lakini Randal, sitakudanganya. Jana nilimwambia, "Nitamwandikia ndugu yangu." Akasema, "Ni ndugu yako." Akachukua kofia akatoka. Mimi nimekusamehe, karibu yote. Yeye, sijui. Usije Krismasi. Tutakuletea pudini Januari, mimi na Mama.

Enid

*

Manchester, 14 Machi 1975

Dada Enid,

Moira anamshukuru Mama kwa sweta, ingawa mikono yake ni ya mtu mrefu kuliko mimi.

Nimesikia kazi ya Skelby imekwisha. Tangi kubwa limeondoka na yamewekwa madogo mbali na nyumba zenu, kila moja na vali ya kujifunga yenyewe. Bwana Lomax aliniambia gharama yake kwa huzuni kama ameuza figo.

Serikali imeniita kwenye kamati. Wanataka kila kiwanda cha hatari nchini kifanye hesabu kama yetu. Nafundisha vijana sasa, darasa limejaa. Jambo la kwanza ninalowafundisha si hesabu. Nawaambia kabla hujaandika namba, nenda ukae na watu wa zamu, na hakikisha hakuna atakayefukuzwa kwa alichokuambia. Nawaambia mimi nililijifunza hilo kwa gharama ya mtu mwingine. Hawajui ni nani.

Clem anaendeleaje na kifua?

Randal

*

Skelby, 26 Oktoba 1975

Mdogo wangu Randal,

Mama yu mzima na anatukana, basi hajambo. Kifua cha Clem hakitakuwa kama zamani, daktari amesema, ila anafanya kazi na liki zake zilishika nafasi ya pili. Ya kwanza aliichukua Tranter, na hawaongei kwa sababu hiyo, kwa hiyo mambo ni ya kawaida.

Jumatano king'ora kililia. Si cha majaribio. Nilikuwa najaza pai, nikauacha unga ulivyo. Upepo ulikuwa unakuja kwetu, nikaionja gesi kooni, kali, kama nimemeza dawa ya kufulia. Nikawashika wasichana mkono. Mama akasema hatoki bila kofia. Nikamwambia, "Mama, tutakufa!" Akasema, "Basi nife na kofia." Binti mkubwa akamtupia kofia, tukatoka.

Mtaa mzima ulikuwa nje, na hakuna aliyekimbia ovyo. Tuliukata upepo kwa ubavu, kama tulivyofundishwa, tukapanda hadi ukumbi wa kanisa. Bibi Tranter akatuhesabu mlangoni. Tukakaa. Wasichana walikuwa wananing'ang'ania, nami nawaza Clem yuko zamu, Clem yuko zamu. Mtu akapika chai na sikuweza kuinywa.

Kisha king'ora kikanyamaza. Baadaye Clem akaja kwa miguu, macho mekundu, bado na kinyago shingoni. Bomba lilikuwa limepasuka kabisa. Si kiungo kulegea, kupasuka. Alibonyeza kengele yeye mwenyewe bila kumuuliza mtu, na vali ikajifunga kabla hajafika mlangoni. Kilichotoka ni kile kilichokuwemo bombani tu. Aliketi kwenye ngazi za kanisa, akawaweka wasichana kila upande. Aliwaza alichokuwa akiwaza. Lile tangi la zamani, nadhani. Bomba lile lingepasuka likiwa kwenye tangi lile.

Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyelazwa.

Ijumaa gazeti la hapa lilikuja. Clem akalichukua kabla sijalifungua. Akasoma ukurasa wa kwanza: mgogoro wa basi la shule. Akafungua. Harusi, mpira, ng'ombe aliyeingia posta. Akapitia kila ukurasa kwa kidole, taratibu, kama siku ile ya picha za Thornsea, mpaka matangazo ya vitanda vya mitumba, akarudi mwanzo akapitia tena. Mimi nimesimama na taulo mkononi.

Akalikunja. Miaka karibu mitatu sijamsikia akilitaja jina lako.

Akasema, "Mwandikie Randal. Mwambie hatumo gazetini."

Enid